Kwa Nini Mialoni Mikongwe Ina Uvungu

Kabla mialoni ya Uingereza haijawa na uvungu, ilikuwa migumu hadi kiini, na yote ilikuwa mali ya mfalme. Kulungu walikuwa wake, na kivuli nacho kilikaribia kuwa chake. Nisikilizeni vizuri, maana habari hii wachoraji wameipamba mno.

Wao humchora Gameli, yule mtoro wa msituni, amevaa kijani safi, kofia ina unyoya. Aliyelala msituni miaka saba huvaa matambara, jamani. Wala hakuwagawia maskini dhahabu. Alimpiga mshale kulungu mmoja tu, kwa kuwa mkewe, Hawisa, alikuwa amejifungua na maziwa hayatoki. Kwa kosa hilo akatolewa nje ya sheria: yeyote aliyemwona aliruhusiwa kumuua kama mbwamwitu. Akakimbilia msituni, karibu na kijiji kiasi cha kusikia jogoo wa nyumbani kwake akiwika. Njaa aliizoea, jogoo yule hakumzoea kamwe.

Desturi iliwaruhusu wanakijiji kuchukua kuni kavu, zile tu ambazo upembo, fimbo yenye ncha iliyopinda, ungeweza kuzivuta mtini. Basi kila Ijumaa Hawisa alibeba upembo wake hadi kwenye mwaloni mkubwa kuliko yote, na Gameli akajibanza upande wa pili. Hawakuthubutu kuonana. Waliongea tu, shina likiwa kati yao.

"Mwanao ameota jino."

"La juu au la chini?"

"La chini. Anang'ata kama babaye."

Kosa lao lilikuwa la watu wenye hamu: walichagua mti mbichi, usio na hata kijiti kikavu. Osberti, askari wa msitu, akaliona hilo.

"We mama, unavuta nini hapo? Mti mzima huo!"

"Navuta pumzi, bwana."

"Na unaongea na nani?"

"Na mti. Unasikiliza kuliko waume wengi."

Osberti hakucheka. Alichomoa upanga, akaanza kuuzunguka mwaloni.

Gameli hakuwa na pa kukimbilia. Akalikumbatia shina, akanong'ona, "Nifiche, nije nimwone mwanangu." Mwaloni ulikuwa umeyasikia mazungumzo yao yote, hata yale ya jino. Ukapasuka, ukakiachia kiini chake kimwagike chini kama unga wa kahawia, ukamwingiza Gameli mahali pake. Osberti alipofika alikuta rundo la unga na ufa mwembamba. Akagonga shina kwa mpini.

"Umeoza huu," akasema. "Haufai hata boriti." Akaenda zake.

Gameli aliishi humo hadi mfalme mpya alipowasamehe waliotolewa nje ya sheria. Asubuhi hiyohiyo akatoka mbio, bila kugeuka nyuma. Msimlaumu: alikuwa na mtoto wa miaka saba asiyemjua babaye kwa sura.

Mwaloni ukabaki na nafasi ya mtu. Kila mwaka uliongeza gome kando ya ule ufa, lakini haukuufunga, ingawa ungeweza. Na kwa kuwa mizizi ya mialoni hugusana chini ya ardhi, hamu ile ikasambaa msitu mzima.

Na tangu siku hiyo, mwaloni ukizeeka huutoa moyo wake wenyewe. Bundi huingia, watoto hujificha humo wakicheza, mpita njia hujikinga mvua. Mti huwapokea wote, lakini hadi leo hakuna aliyeijaza nafasi ile ya Gameli.