Muuza Manukato Aliyewafukuza Wateja

Lipo swali ambalo nimekaa nalo miaka mingi, nikawauliza walio wajuzi kuliko mimi, na bado sijalipatia ufumbuzi: mja anapotoa kitu bure kwa ajili ya Mola wake, kisha kitu hicho kikamrudia na faida, je, alitoa, au alipanda? Mkulima naye huzimwaga mbegu zake ardhini wala haidai ardhi malipo, lakini hakuna amwitaye mkarimu. Kila nikilitafakari jambo hili hunijia kisa cha Shuaib bin Nawfal, muuza manukato wa mji wa Wasit, Allah amrehemu, amrehemu na jirani yake Harith.

Inasimuliwa kwamba Lubna, binti wa Shuaib, alishikwa na homa hata waganga wakakata tamaa. Baba yake akaweka nadhiri: Allah akimponya mtoto huyu, atasimama mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa kwa mwaka mzima, ampake manukato kila aingiaye, asipokee chochote, akitafuta radhi za Mola peke yake. Mtoto akapona, akaomba uji. Ijumaa iliyofuata Shuaib alikuwa mlangoni na kichupa cha udi uliochanganywa na waridi.

Kama ijulikanavyo, si katika adabu za waumini kuyarudisha manukato wanapopewa. Hata wale wazee walioipa dunia kisogo, pamoja na harufu zake, walinyoosha viganja. Msikiti ukanukia kama bustani, na inasemekana khatibu alisahau alipofika katika hotuba.

Siku ya pili yake Shuaib alikuta watu wamejazana mbele ya duka. Kila mmoja alitaka yale ya jana. Alifurahi mpaka adhuhuri. Baada ya hapo furaha ikaanza kumkereketa, na ilipofika alasiri ilikuwa imegeuka hofu. Mkewe Atika, mwanamke mchamungu mwenye ulimi mwepesi, alimwona akifunga duka kwa kuishiwa na bidhaa.

"Mume wangu," alisema, "hii nadhiri yako ina baraka. Natamani na mimi niugue kidogo, tupate duka la pili."

Shuaib hakucheka. Aliogopa kwamba alimwahidi Mola ibada, naye amempelekea biashara. Na moyo wa mzazi ulimwambia kwamba homa ile inaijua njia ya nyumba yake.

Ijumaa iliyofuata alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, asijulikane. Watu wakaulizana ni nani huyu, na siri ikawanogea kuliko udi wenyewe. Wakaifuata harufu kichochoro kwa kichochoro hadi dukani, na wengine ambao hata hawakuswali wakafuatana nao.

Basi akaona hakuna dawa ila ukweli. Alisimama mlangoni uso wazi, akawaeleza waumini kwamba anatimiza nadhiri, akawasihi kwa jina la Allah wasije kununua kwake. Wapo waliolia. Wakasema hawajapata kuona mfanyabiashara mkweli kiasi hiki, na kwamba anayefukuza wateja bila shaka hatii maji katika mafuta yake. Wakarudi na shemeji zao kutoka vijijini.

Ng'ambo ya kichochoro lilikuwapo duka la Harith, naye muuza manukato, mtu mwema mwenye watoto wengi. Tangu nadhiri ilipoanza, walioingia kwake walikuwa nzi tu. Alasiri moja alivuka, akaketi mbele ya Shuaib kwa adabu kama mwanafunzi.

"Ndugu yangu," alisema, "kazi hii nimeifanya tangu sijaota ndevu. Kuwaonjesha watu bure ili warudi, hilo nalijua. Lakini hili la kuwakataza wasije, umelitoa wapi? Nifundishe, maana nyumbani kwangu sufuria limekauka."

Shuaib akaangua kilio. Alimshika mkono, wakaenda pamoja kwa kadhi.

Kadhi aliwasikiliza kwa utulivu, kisha akajitoa katika shauri, kwa sababu, alikiri, nyumbani kwake mna chupa za Shuaib, na mkewe angetaka kujua amehukumu nini. Akasema kwamba niya haina shahidi ila Allah. Lakini kama yupo mwenye haki ya kuitilia shaka niya hii, ni yule aliyeumizwa nayo. Basi Harith na aseme: hii ni ibada, au ni mtego wa wateja? Akisema ni mtego, Shuaib ataacha leo.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani, na haukuwa wa Shuaib. Neno moja lingetosha kuwarudisha wateja ng'ambo ya kichochoro, na nani angelikanusha? Harith alimtazama Shuaib, kisha akamgeukia kadhi.

"Mimi nina wivu, ee kadhi," alisema, "na mwenye wivu huangalia vizuri. Nimemchungulia mtu huyu tangu mwanzo nikiitafuta aibu yake. Nilichokiona ni mtu anayesononeka duka likimjaa. Mwenye mtego hasononeki mtego ukinasa. Nadhiri yake ni ya kweli. Aimalize."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ikiwezekana aimalize upesi.

Tusifanye haraka kuipima mioyo ya watu kwa faida wanayoipata. Huenda mwenye duka lililojaa analia, na mwenye duka tupu ndiye aliyejaaliwa kusema neno zito zaidi kwenye mizani.

Kadhi, aliyekuwa amejitoa, alirudi kwa muda wa kutosha kuamua hivi: nadhiri ni sahihi na sharti itimizwe, manukato ya Ijumaa zilizobaki Shuaib ayanunue kwa Harith, kwa bei ile ile ya sokoni, na atakayeuliza yametoka wapi aambiwe ukweli. Na kwa kuwa imethibiti kwamba Shuaib kila akifungua mdomo mlangoni pale anauza, asisimame yeye. Hukumu hiyo aliitekeleza Harith, akisimama mlangoni kwa niaba ya Shuaib, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka mwaka ukatimia.