Mizunguko Saba ya Nyani

Hadithi imepanda ubaoni.
Iruke tuione.
Ikizama?
Tutaizamia.

Basi, ulikuwa mwaka wa nne wa ukame. Mito imekauka, visima vimekauka, limebaki Bwawa la Kati peke yake. Kila mwaka madume wa nchi zote walikutana hapo kushindana kupiga mbizi kutoka kwenye ubao. Nchi ya mshindi ilikunywa mwaka mzima. Nyingine zililamba tope.

Siku ya fainali walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa Nyani wa Nchi ya Miamba, kifua kama ngoma, bingwa mara tatu. Nchi yake ilikunywa, ikaoga, ikamwaga, na bado Nyani alitaka zaidi. Wa pili alikuwa Kinyonga wa Nchi ya Vichaka. Raundi za mwanzo zilimtaka mtu aingie majini bila kurusha maji, na Kinyonga alijua kudondoka wima kama sindano. Chwi, basi. Kuzunguka hewani hakujua kabisa.

Asubuhi ile mkewe alimwambia, "Baba Tunu, watoto wamelala ndimi nje. Usiporudi na maji, usirudi na maneno."

Mwamuzi mkuu, Korongo, akatoa sheria za fainali.

"Kila mmoja aandike kwenye jani idadi ya mizunguko atakayofanya. Alama zako zitazidishwa kwa idadi hiyo. Kuanzia mmoja kwenda juu. Ukipunguza hata nusu, sifuri. Mkilingana, bwawa linabaki kwa bingwa wa zamani. Na nikishasoma jani nalimeza, asije mtu akabadilisha."

Nyani aliweza mizunguko mitatu. Kinyonga hakuweza hata mmoja. Rangi ikamruka: kijani, njano, majivu.

Akaketi na jani lake. Jicho moja likatazama jani. Jicho la pili likageuka nyuma, taratibu, likamwona Nyani amesimama, amenyoosha shingo, anachungulia.

Kinyonga akaandika minne, kwa herufi kubwa. Nyani akakimbia, ta-ta-ta-ta, akaandika mitano.

Kinyonga akaguna, akafuta, akaandika mitano. Nyani akachungulia, akakimbia, ta-ta-ta-ta, akaandika sita.

Kinyonga akaguna, akafuta, akaandika sita. Nyani akachungulia, akakimbia, ta-ta-ta-ta, akaandika saba, na jani akamkabidhi Korongo palepale.

"Mdogo wangu," akamwambia Kinyonga, "kawaambie wenzako walambe jasho."

"Nimesikia, kaka."

Nyani alipokwisha kwenda, Kinyonga akachuma jani jipya. Akaandika mmoja. Akalipeleka, mguu huu, akasita, mguu ule, akasita.

Korongo akasoma kwa sauti. "Nyani, saba. Kinyonga, mmoja." Gluk, gluk, majani yote mawili yakashuka kooni.

"Mmoja?" Nyani akashtuka. "Mbona mimi nimeona..."

"Umeona nini?" akauliza Korongo.

Nyani akatazama chini. "Nimeona jua kali leo."

Akapanda. Ubao ukalia bwi, bwi, bwiiing. Umati ukahesabu: moja, mbili, tatu. Wa nne ukaishia njiani, tumbo likapiga maji, PWAAA, na bata wa mstari wa mbele wakalowa hadi ngozi.

"Sifuri," akasema Korongo.

Nchi ya Vichaka haikushangilia. Walimjua mtu wao.

Kinyonga akapanda. Mguu huu, akasita. Mguu ule, akasita. Akafika kwenye ncha, akatazama maji kwa jicho moja, akamtazama mkewe kwa jicho la pili, na yote mawili yakamtisha.

"Una pumzi kumi," akasema Korongo. "Zikiisha, sifuri."

Nyani aliyekuwa bado majini akacheka huku ameshika tumbo. "Ruka basi, mdogo wangu. Au nije nikusukume?"

Pumzi ya tano. Pumzi ya saba. Kinyonga akawa mweupe kama unga. Pumzi ya tisa akajiachia.

Mwili ukakubali, mkia ukakataa. Kwa woga mkia ulikuwa umejisokota kwenye ncha ya ubao. Ukamvuta, ukamzungusha, kichwa chini, miguu juu, kisha miguu chini tena. Hapo ukachoka, ukaachia.

Chwi.

Waamuzi wakainamiana, wakanong'ona. Wakanong'ona muda mrefu sana. Kinyonga akaelea, hathubutu kupumua.

"Sheria inataka mzunguko," akasema Korongo mwishowe. "Haikutaja mkia. Umbo baya mno, alama mbili kati ya kumi. Mbili mara moja ni mbili. Nyani ana sifuri."

Kinyonga akajikokota hadi ukingoni, bado mweupe. "Mama Tunu," akauliza, "ina maana tumeshinda?"

Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa bwawani pamoja na watoto, na kinywa chake kilikuwa kimejaa.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyelowa ajifute, aliye mkavu aende zake.

Na funzo lake, wasikilizaji wangu, ni kwamba mkweli hushinda. Kinyonga aliandika mmoja, akafanya mmoja. Yale aliyoandika kabla yalikuwa mazoezi ya mwandiko.