Pole Tatu za Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

Pakawa na Ngiri, na Kanga, na neno moja lililochelewa. Haya, sogeeni motoni. Wewe Bimkubwa, acha kutafuna, nisikike.

Hapo kale Ngiri aliishi peke yake. Uso ule, nani angeutaka ujirani wake? Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Kanga. Kila asubuhi Ngiri alichimbua ardhi akala mizizi, Kanga akadonoa wadudu waliofukuliwa, wakazungumza mpaka jua likawa kali.

Siku moja Ngiri alikuja mbio, mkia juu, chini hatazami. Akakanyaga kiota cha Kanga. Mayai tisa, yote yakapasuka.

"Pole, dada Kanga."

"Asante, nimeshapoa. Huna jingine?"

"Sina."

Kesho yake akaja na kiazi mwitu.

"Pole sana, dada Kanga."

"Asante, nimeshapoa. Huna jingine?"

"Sina."

Siku ya tatu akaja na viazi viwili.

"Pole sana, tena sana, dada Kanga."

"Asante, nimeshapoa. Huna jingine?"

"Sina, jamani!"

Siku ya nne Kanga hakuja kudonoa. Ngiri akala peke yake. Akasema, akajijibu mwenyewe. Hata mizizi haikuwa na ladha.

Akamwona Digidigi akimpa Kanga pole, kisha akitoka, wameagana vizuri. Roho ikamuuma.

"Wewe umempa pole moja, anakuchekea. Mimi nimempa tatu, na viazi juu!"

"Mimi nilikuwa napita tu," akasema Digidigi. "Pole ni ya mpita njia. Wewe uliyekanyaga, lako ni nisamehe."

"Nalijua. Lakini hilo kwetu husemwa kwa magoti. Mimi, na meno haya, nimpigie ndege magoti?"

"Basi kaa na meno yako."

Akakaa nayo. Siku ya kwanza, akala peke yake. Siku ya pili, akala peke yake. Siku ya tatu upweke ukamshinda, akatoka mbio mpaka kwa Kanga. Akapiga magoti, akafumba macho kwa haya.

"Dada Kanga, mayai nimeyavunja mimi. Nisamehe."

Akafumbua macho. Kiota kitupu, na unyoya mmoja wa madoadoa.

"Amehama," akasema Digidigi, aliyekuwa akipita tena. "Alikungoja mpaka jana."

Ngiri hakuinuka. Njaa ilipomzidi, akala palepale, magoti chini. Na mpaka leo mtazameni: ngiri akila, hupiga magoti. Anaogopa Kanga asije akarudi, akamkuta amesimama.

Basi wanangu, pole ni ya aliyeona; nisamehe ni ya aliyetenda. Ukidaiwa neno la pili, usimpe mtu la kwanza, na usichelewe.

Hadithi yangu naiacha hapo ilipopiga magoti. Na aliyenikanyaga mguu tulipokuwa tunakaa, bado namngoja. Pole yake sitaki.