Tundu la Kenta ya Mama Sekela

Mwonyesha tundu keshaziba nusu. Fundi kawajibu hivyo mlipomuuliza kwa nini anataka hela ya kutafuta ubovu tu, mkacheka, kisha mnageuka kuniuliza mimi maneno hayo yametoka wapi. Kwani mimi ndiye niliyeyazaa? Haya, kaeni, maana gari letu limelala na hakuna pa kwenda. Wengine watawaambia ni maneno ya wahenga. Wahenga gani! Methali hii mimi nimeijua ikiwa bado changa. Ilianzia hapa hapa Makambako, kwa fundi aliyechoka.

Fundi huyo aliitwa Obadia Mgaya. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko la mbao, kiwanja cha udongo mweusi kwa oili na kibanda cha mabati. Hakuwa fundi wa haraka. Wako mafundi ambao ukiwapelekea gari linalokohoa wanabadilisha hiki, wakishindwa wanabadilisha kile, mpaka ugonjwa ukimbie wenyewe kwa aibu. Obadia alikuwa mtafutaji. Alilala chini ya gari katika baridi hii yetu ya mwezi wa saba, akasikiliza, akanusa, akafungua na kufunga mpaka ajue. Akishajua, kutengeneza kwenyewe kulikuwa kazi ndogo, na balaa lake lilikaa hapo.

Maana watu walimzoea. Mtu analeta gari, anasema angalia tu fundi, halafu utaniambia. Obadia anaangalia kutwa nzima. Jioni anamwonyesha ubovu ulipo, mwenye gari anashukuru sana, anaahidi kurudi kesho na kifaa, kisha huyoo, moja kwa moja kwa vijana wa stendi wanaobahatisha ufundi, wambadilishie pale pale alipoonyeshwa kwa bei ya soda. Obadia aliyajua hayo. Alikuwa akiyaona magari yanapita barabarani mazima, na wenyewe wanatazama upande wa pili.

Mtauliza kwa nini asiseme mapema kwamba kutafuta kuna malipo. Ninyi mliozaliwa juzi mngesema, najua. Obadia alilelewa na watu ambao mgeni akifika anapewa kiti na salamu, na kumtajia mtu hela kabla hujamfaa kwa lolote ni kumtukana. Basi alikuwa anatafuta kwanza na kutaja baadaye, na kila alipotaja baadaye alionekana mwizi. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba heshima hiyo itawalaza njaa. Obadia aliitikia tu, maana hata nguvu ya kubishana hakuwa nayo tena.

Ndipo akaja Mama Sekela, mjane aliyekuwa akinunua viazi vijijini na kuwauzia matajiri wa Dar. Mali yake yote ilikuwa kenta moja kuukuu, kilori cha kubebea mizigo. Kenta hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto, nayo ilianza kukata pumzi milimani. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, ikipanda inazima, ukingoja kidogo inawaka tena kana kwamba haijafanya kitu.

Obadia alihangaika nayo siku mbili. Dizeli haikuvuja popote. Mwishowe alichukua pampu ya baiskeli, akajaza upepo kwenye paipu inayotoka kwenye tangi, akaipaka povu la sabuni kipande kwa kipande kama mtu anayetafuta pancha. Chini ya kibanio, mahali ambapo jicho halifiki, povu likatokota. Lilikuwepo tundu, dogo ajabu. Dizeli haikutoka hapo, ila upepo uliingia, na injini ikawa inakunywa upepo badala ya mafuta.

Akamwita mwenye kenta, akamwonyesha. Mama Sekela alifurahi kweli, akamwombea na dua, mpaka aliposikia malipo.

"Kwa tundu hili?" akauliza. "Fundi, kipande chenyewe cha paipu hakifiki hata kiganja."

"Siyo bei ya paipu, mama. Ni ya kulitafuta."

"Hujafunga hata nati moja mpya. Sokoni kwangu mtu anamwaga gunia zima akague viazi, asiponunua namwambia karibu tena. Kuangalia kumeanza lini kulipiwa? Na kama kunalipiwa, mbona hukusema siku nilipokuja?"

Neno hilo la mwisho lilikuwa la kweli, na Obadia alilijua hilo. Alimpa ufunguo wake, akaenda kunawa mikono. Vijana wa stendi waliweka paipu mpya muda wa kunywa chai, kenta ikapanda milima kama zamani, na Mama Sekela akatangaza soko zima kwamba Obadia siku hizi anatoza hela ya macho.

Iliuma, jamani. Mtu anaweza kuvumilia njaa, lakini kuitwa mwizi kwa jasho lake mwenyewe ni kitu kingine. Tangu siku hiyo Obadia aliacha kutafuta. Ukimletea gari alikuuliza kibovu ni kipi, ukikitaja anakibadilisha, usipokijua anakupungia mkono. Kazi ikawa nyepesi, mgongo ukapumzika, hela ikaingia kidogo kidogo. Lakini mkewe alisema mumewe alikuwa anarudi nyumbani kama mtu aliyetoka msibani.

Mvua zilipoanza, kenta ya Mama Sekela ikazima tena mlimani. Safari hii hakuwa na wasiwasi, si ugonjwa anaujua? Akabadilisha paipu. Ikazima. Vijana wa stendi wakasema basi ni pampu, akauza ng'ombe, akanunua pampu. Ikazima. Wakasema ni nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, akakopa kwenye kikundi cha akina mama, akanunua nozeli. Kenta ilipanda nusu ya mlima ikazima pale pale. Na huku stoo imejaa viazi alivyovichukua vijijini kwa mali kauli, alipe akishauza, navyo vimeanza kuchipua. Kila asubuhi wakulima walikuwa mlangoni kwake wanadai kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi. Tajiri wa Dar alimpa mpaka mwisho wa juma, akishindwa anachukua kwa mwingine. Hapo ingebaki kuiuza kenta kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Siku aliyokwenda kwa Obadia kenta ilikuwa inavutwa kwa kamba.

"Kamwene, fundi."

Obadia aliitikia kamwene kama anavyoitikia mtu mwenye adabu, kisha akasema lile lile analowaambia wote: "Nitajie kibovu, mama, nikibadilishe."

"Ningekijua ningekuja?"

Mama Sekela akakaa juu ya tairi kuukuu, mvua ikimnyeshea, wala hakujali.

"Nimenunua pampu nzima kumbe pampu haikuwa mbovu," akasema. "Nimenunua nozeli nazo hazikuwa mbovu. Vyote nimevilipia bila kununa. Kitu kimoja tu ndicho nilichokataa kukilipia, fundi, nacho ni kujua."

Obadia alitamani amwambie mengi aliyokaa nayo moyoni tangu kiangazi, lakini alipofungua mdomo yalitoka mengine.

"Nami nilikosa," akasema. "Sikukuambia mapema. Leo nakuambia kabla sijagusa kitu: nitatafuta, na kutafuta kuna hela yake, nipate nisipate. Kutengeneza ni hesabu nyingine. Ukitaka, sawa. Usipotaka, hatugombani."

Alisema hivyo akitazama chini kwa aibu, mtu mzima yule. Mama Sekela alifungua fundo la khanga, akatoa hela. "Hii ni ya lile tundu," akasema. "Hiyo nyingine nayo utaipata. Tafuta, baba."

Akatafuta. Paipu nzima, pampu mpya, nozeli mpya. Mwishowe akaingiza waya ndani ya tangi, akapapasa pembe zote, na waya ukanasa kitu laini. Kilikuwa kitambaa! Kifuniko cha tangi kilipopotea mtu alikuwa ameziba kwa kitambaa, kikatumbukia ndani, akasahau. Kenta ikipanda mlima kitambaa kinavutwa, kinaziba mdomo wa paipu. Ikizima kinaachia, kinaelea zake. Ndiyo maana kila aliyefungua paipu aliikuta safi.

Kukitoa kulihitaji kushusha tangi, na mgongo wa Obadia haukuwa na nguvu ya kubeba tangi tena. Akamwambia Mama Sekela aipeleke kwa wale wale vijana, wana nguvu, watalishusha upesi. Mama alishangaa, akamuuliza inakuwaje awape wenzake kazi aliyoifikisha hapo. Obadia akasema yake imekwisha, akapokea hela ya kutafuta, akaenda kuketi kibandani.

Kule stendi vijana walishusha tangi, wakatoa kitambaa, wakataja bei kama vile waliumba injini. Mama Sekela akawahesabia nusu.

"Nusu nyingine, mama?"

"Nimeshailipa kwa Obadia. Mwonyesha tundu keshaziba nusu. Ninyi mmeziba iliyobaki, chukueni yenu."

Vijana walicheka, lakini walichukua. Na ninyi mnaijua stendi, neno likidondoka pale asubuhi, jioni limeshalala Njombe. Viazi vingine Mama Sekela alivimwaga, siwafichi, ila vingi vilimfikia tajiri kabla ya siku yake, wakulima wakapata chao, na kenta ikabaki kuwa kenta. Obadia yeye alilisikia neno hilo kutoka kwa mteja mgeni kabisa, aliyeingia na hela mkononi kabla hata ya salamu, akisema fundi, hii ya kutafuta. Wanasema hakutabasamu. Aliipokea, akaitia mfukoni, akatandika gunia lake chini ya gari, akaguna, akalala chali.

Basi hiyo miguu mnayoiona imechomoza chini ya gari letu tangu asubuhi haijalala usingizi. Acheni kunong'ona. Changeni hela yake mniwekee hapa, ili akitoka na baridi hiyo mwilini aikute tayari, asilazimike kuitaja mara ya pili. Mwonyesha tundu keshaziba nusu.