Kwa Nini Watu wa Mrindi Huenda Kanisani na Vigoda

Ukifika Mrindi siku ya Jumapili, usishangae. Utawaona watu wazima, suti zimenyooshwa na vitenge vimepigwa pasi, wanapanda mlima kila mmoja na kigoda mkononi. Wageni hudhani kuna msiba. Hakuna msiba. Ni ibada tu, na makanisa yetu, pamoja na wingi wake, hayana benchi hata moja. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Wakati huo Mrindi ilikuwa na kanisa moja na kengele moja, na mtu akisema anakwenda kanisani hakuna aliyemwuliza kanisa lipi. Lilijengwa na wamisionari kutoka ng'ambo, watu ambao mababu zao waligombana na kanisa la kwao na kujitoa, zamani sana, kabla ya sisi kusikia habari hizo. Walikuwa na neno moja wasilochoka kulisema: someni wenyewe. Mtu asiridhike kusomewa. Basi wakafundisha kusoma, wakubwa kwa wadogo, na watu wa Mrindi, ambao kwa ubishi hawajambo, wakasoma kwelikweli. Kama kulikuwa na kosa, lilianzia hapo. Ukimpa mtu wa Mrindi kitabu ukamwambia ajionee mwenyewe, atajionea, na atakayoyaona hayatakuwa yale ya jirani yake.

Ndani ya kanisa hilo kulikuwa na mabenchi marefu ya mvule, kila ukoo na benchi lake. La ukoo wa Nakijwa lilikuwa refu kuliko yote. Mumewe ndiye aliyeuangusha mti na kulichonga, halafu akafa kabla hajalikalia sana. Nakijwa alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Mbonea, mwanawe wa kwanza, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo na shingo ngumu. Kushoto alikaa Eliewaha, kitindamimba, ambaye hata akiwa ameketi mguu wake haukutulia. Wajukuu walijazana pande zote mbili. Wiki nzima ndugu hao walibishana juu ya mpaka wa migomba na zamu za maji ya mfereji, lakini Jumapili bega la huyu lilimgusa mama yao huku na bega la yule likamgusa kule. Mjane yule hakuwa na furaha nyingine kubwa zaidi ya hiyo, na aliijua thamani yake.

Kisha Eliewaha akasoma habari za ubatizo. Akasoma tena, usingizi ukamruka. Akatangaza kwamba maji ya kunyunyiziwa kichwani hayatoshi, mtu sharti azamishwe mzima mtoni. Mbonea naye akafungua palepale, akasoma mistari ileile, akaona kwamba maji ni maji. Mchungaji, mmoja wa wamisionari wale, alipotaka kukata shauri, pande zote mbili zilimjibu kwa adabu, "Mchungaji, wewe ndiye uliyetufundisha tusome wenyewe."

Mambo yakaharibika upesi. Watu wakapishana njiani bila salamu, na wake wa ndugu hao wawili wakaacha kuazimana hata chumvi. Nakijwa hakukalika. Alitoka nyumba ya huyu akaenda ya yule, akarudi, akaenda tena.

"Maji, wanangu?" aliwauliza. "Mnatengana kwa ajili ya maji, na mfereji tunaokunywa ni mmoja?"

"Mama, mambo haya ni mazito," alisema Mbonea.

"Mama, huwezi kuyaelewa," alisema Eliewaha. Ni hilo tu waliloafikiana mwaka mzima.

Watu wa mtoni wakajenga kanisa lao upande wa pili wa njia, mlango ukitazamana na mlango. Likabaki suala la mabenchi. Kila ukoo ulikuwa umepasuka, na huku kwetu kugombana si aibu, aibu ni kupunjana. Wakaamua kila benchi likatwe katikati, nusu ibaki na nusu ihame. Walipima kwa kamba ili asionewe mtu. Hakuna aliyekumbuka kwamba benchi lina miguu ya huku na miguu ya kule, na katikati hamna kitu.

Jumapili ya kwanza nusu zile ziliegemezwa kwenye mawe. Watu wakasimama kuimba, wakaimba, kisha wakaketi wote kwa pamoja, na kanisa zima likaenda chini. Kule ng'ambo ya njia nako kishindo kilekile. Kila upande ulisikia mwenzake akianguka, ukasema hiyo ni hukumu ya Mungu.

Benchi moja tu lilikuwa halijakatwa, lile la Nakijwa, na watu walianza kunung'unika kwamba nyumba ya mzee wa kanisa inapendelewa. Basi Mbonea na Eliewaha wakaja na msumeno wa kushikwa na watu wawili. Wakamkuta mama yao ameketi mahali pake.

"Mama, inuka tafadhali," alisema Mbonea.

"Niinuke mkate wapi?"

"Katikati."

"Katikati ndipo nilipo. Haya, mliosoma, nijibuni. Mama yenu atakaa wapi?"

"Kwetu," walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa chuki.

Nakijwa akalia, tena kwa sauti, bila kujifunika uso. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, na wanawe wakasimama na msumeno wao kama watu waliokamatwa. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Kateni," aliwaambia. "Ila msikate viwili. Kateni vipande kwa hesabu ya watu wa nyumba yangu, na kila kipande kitiwe miguu yake kisimame chenyewe. Kama kila mtu anasoma mwenyewe, basi na akae kwa miguu yake, na mzigo aubebe mwenyewe. Changu kitoke hapa nilipokaa."

Wakakata. Koo nyingine zilizochoka kuanguka zikaiga, na nusu benchi zote zikageuka vigoda. Nakijwa akawa anakwenda na chake, Jumapili hii kwa Mbonea, Jumapili ile kwa Eliewaha. Haikuchukua muda, wakubwa wa pande zote mbili wakamkalisha. Mkristo hawi na makanisa mawili, walimwambia, achague. Wanawe walikuwepo, na kila mmoja aliinamisha macho.

Jumapili iliyofuata alikiweka kigoda chake njiani, baina ya milango miwili. Mvua ya vuli ikamkuta pale. Aliimba na hawa, akaimba na wale, maana nyimbo zilikuwa zilezile, ila hawa walikuwa ubeti wa pili na wale wa tatu. Kisha akaanza kukohoa. Mbonea alikuwa akisoma somo, akapotea mstari, akautafuta, akapotea tena. Eliewaha alikuwa akiomba, sala ikamkauka mdomoni. Kila mmoja alichukua kigoda chake akatoka nje, wakaketi mvuani, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Msidhani walipatana. Walibishana juu ya ubatizo palepale, kichwa cha mama yao kikiwa katikati, mpaka nguo zikawaganda mwilini, na watu wa makanisa yote mawili wakatoka na vigoda vyao kuja kuchangia. Nakijwa alisema kwamba kama ni maji, siku hiyo yametosha.

Na tangu siku hiyo watu wa Mrindi huenda kanisani na vigoda, na ni mwiko kumwuliza mtu kigoda chake kilikuwa wapi Jumapili iliyopita. Kutengana hakukukoma. Wametengana kwa ajili ya ngoma, kwa ajili ya siku ya kupumzika, kwa ajili ya mwanamke kupanda mimbarini. Wengine wamefika hata nchi za baridi walikotoka wale wamisionari, ambako wanasema mabenchi ni mengi kuliko watu, na huko nako wameshatengana, makanisa mawili. Lakini anayetaka kujitoa hapa kwetu huitwa kwanza na wazee, na haulizwi amesoma nini. Anaulizwa, "Mama yako atakaa wapi?"

Mwezi huu aliitwa Namsifu, binti mwenye moto, anayetaka kanisa lisilo na jengo, watu wasali kwa simu kila mmoja alipo. Alikuja na majibu ya kila kitu. Alipoulizwa hilo moja alisema anakwenda nyumbani kumwuliza mama mwenyewe. Bado hajarudi, na spika alizonunua za kurushia ibada bado ziko kwenye maboksi.