Siagi ya Mabaka

“Siagi hukaa mwisho wa kiwele.” Mzee Lugwisha aliwaambia hivyo vijana waliotupa majembe na kutaka kuyaacha matuta ya mwisho. Walipouliza msemo huo umetoka wapi, akaegemea mpini wake na kuwaeleza ulivyozaliwa.

Zamani, katika kijiji kimoja cha Usukumani, Minza alichumbiwa na Maduhu. Desturi ya huko haikuwa na huruma: mama wa bibi harusi alitoa kibuyu cha samli, na shangazi wa bwana harusi alikiinamisha mbele ya watu. Samli isipofika shingoni, harusi ilingoja mavuno mengine.

Mama yake Minza, Kabula, alikuwa mjane. Ukame ulimwachia ng’ombe mmoja tu, Mabaka, na ndama wake. Minza alikamua kama kijiji kizima kilivyokamua: harakaharaka, povu likijaa ndoo, kisha kilichobaki akamwachia ndama. Walisuka maziwa kwa kutikisa kibuyu kikubwa mpaka mabega yakawaka moto, wakapata donge la siagi la kujaza kiganja. Nalo likichemshwa kuwa samli, hupungua tena.

Jirani yao Nkwimba, mwenye zizi kubwa, alipita akacheka. “Mama Minza, unasuka maziwa au unaosha kibuyu?”

“Pita zako, jirani.”

Minza akaona harusi inamponyoka. “Mama, tukamue yote. Ndama atakula majani.”

“Ndama huyu hajajua majani. Unataka afe ili wewe uolewe?”

Minza akaenda kumfunga ndama kamba.

Asubuhi moja ndama alikata kamba, akanyonya kabla hawajaamka. Minza alikikuta kiwele kimelegea. Akakamua huku analia, na maziwa hayakufika hata robo ya ndoo.

“Haya wapewe mbwa,” akasema.

“Lete hapa.” Kabula hakuwa mtu wa kutupa hata tone. Akayatia katika kibuyu kidogo bila kuyachanganya na mengine, yakaganda, akaanza kuyasuka. Hata jasho halijamtoka, akasikia kitu kinagonga ndani. Akamimina. Likadondoka donge la manjano, nono, sawa na lile la kibuyu kikubwa.

Kabula akalitazama, kisha akapiga paja. “Kumbe siku zote siagi tunampa ndama, sisi tunasuka maji!”

Tangu hapo ndama alinyonya kwanza mpaka tumbo likawa ngoma, ndipo Kabula akachuchumaa chini ya Mabaka. Maziwa ya mwisho hayaji kwa kulazimishwa. Alikikanda kiwele, akamwimbia ng’ombe, akakamua hata baada ya mlio wa ndoo kunyamaza. Vidole vilivimba hadi akashindwa kufunga kanga yake mwenyewe, akawa anafungwa na Minza.

“Mama Minza, sasa unakamua ngozi!” Nkwimba akamtania.

“Basi ngozi hii ina mafuta.”

Siku ya harusi ikafika. Shangazi wa Maduhu, mwanamke wa maneno makali, akakishika kibuyu. Minza alifumba macho. Shangazi alikiinamisha kidogo tu, samli ikachungulia shingoni.

“Mna ng’ombe wangapi?”

“Mmoja,” Kabula akajibu.

“Usinitanie, mkwe.”

Kabula hakubishana. Alinyoosha mikono yake. Shangazi akavitazama vile vidole, na makali yake yote yakamwisha. Akachota samli ile ile, akampaka Kabula kidole kimoja baada ya kingine, watu wote wakiona.

“Tumepata mke kwa mtu asiyeacha kazi njiani,” akasema. “Pigeni vigelegele!”

Kesho yake Nkwimba, licha ya zizi lake kubwa, alikuja na ndoo tupu. “Haya, jirani, nimecheka vya kutosha. Nifundishe.”

Kabula akasogea kumpisha penye kigoda. “Kaa hapa, wala usiinuke mapema. Siagi hukaa mwisho wa kiwele.”

Mzee Lugwisha aliposema hayo, alikuwa ameshaanza kulima tuta lake. Vijana wakatazamana, wakainama kuokota majembe.