Nyumba Isiyo na cha Kutwaliwa

Ulisikika mlio mmoja tu usiku ule: sinia la shaba liliangukia sakafuni, likazunguka juu ya ukingo wake, likatulia. Ndivyo wanavyokianza kisa hiki waliokipokea kwa waliowatangulia, nasi tunakisimulia kama kilivyotufikia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa.

Katika mji mmoja mdogo wa Iraki, mji wa mitende na matete, aliishi khatibu aliyeitwa Sheikh Numair bin Asad pamoja na mkewe, Bi Lubaba, Mungu awarehemu wote wawili. Mlio ule ulimwamsha Bi Lubaba. Akajua kwamba mumewe ameamka kwa swala ya usiku, kama ilivyokuwa ada yake tangu ujana, na kwamba amejikwaa. Akatega sikio asikie takbira. Hakuisikia. Alisikia kitu kikisukumwa, kisha kingine, kisha mguu ukipapasa sakafu kama mguu wa mgeni katika nyumba ya watu. Mwishowe Sheikh akarudi kitandani.

"Umeshaswali?" akamuuliza.

"Nimekosa pa kutandika mswala," akajibu Sheikh.

Akajifunika, akalala. Bi Lubaba hakupata usingizi tena. Alikaa gizani akiikumbuka nyumba aliyoingia akiwa bi harusi: chungu, mtungi, jiwe la kusagia, mikeka miwili ya matete na msahafu. Siku zile Sheikh akisoma, sauti yake ilikwenda ukutani ikarudi, na nyumba nzima ikawa kama inamwitikia. Sasa kulikuwa na zulia juu ya zulia, masanduku ya msandali, taa za kioo kutoka Shamu, mito ya hariri, na hata tundu la ndege lisilokuwa na ndege. Sauti ya Sheikh ilizama humo kama jiwe ndani ya pamba.

Na vitu vile, enyi wapenzi wa wema, havikuja bila sababu.

Alikuwapo sokoni kijana mmoja mpimaji wa nafaka, mwana pekee wa mama mjane aliyesuka mikeka. Liwali wa mji ule alikuwa akikusanya kodi ya ngano kwa pishi yake mwenyewe, kile kibuyu cha kupimia nafaka, na wakulima walinung'unika kwamba pishi ile ni kubwa kuliko haki. Siku ya soko, kijana yule akaitwa aipimie ghala ya Liwali. Hakubishana na mtu. Aliichukua pishi ya Liwali ikiwa imejaa, akaimimina ndani ya pishi ya soko, mbele ya macho ya watu. Ngano ikajaa, ikafurika, ikamwagika mchangani. Watu wakaitazama ile iliyomwagika, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Jioni ile ile akakamatwa. Haukupita muda ikajulikana kwamba amefia gerezani na kwamba amezikwa pasipojulikana. Kisha mpiga mbiu akazunguka mji: "Atakayelitaja jina la mtu huyu, sokoni au msikitini, ameshirikiana naye, na nyumba yake na vilivyomo ndani vitatwaliwa."

Ada ya watu wa nchi ile ni kumwita mama kwa jina la mwanawe: Ummu fulani. Kwa hiyo mbiu ile ilimnyang'anya mjane mwana, kisha ikamnyang'anya na jina lake mwenyewe. Jirani zake wakawa wanamwita "mwenye mikeka." Wengine wakimwona kwa mbali walikata kona, wasije wakalazimika kumwamkia.

Liwali alikuwa mtu mwerevu. Wengine aliwatisha, lakini khatibu hakumtisha. Alimtumia zulia. Idi ilipofika akamtumia taa. Baadaye masanduku, kisha mito, na kila kilichokuja kilikuja na salamu za heshima. Sheikh Numair alipokea, kwanza kwa haya, kisha kwa mazoea.

Kila Ijumaa baada ya swala mama yule alisimama mlangoni pa msikiti. Katika mji ule, mtu akifa mbali, khatibu humtaja kwa jina juu ya mimbari, kisha watu husimama kumswalia ingawa jeneza halipo. Hilo ndilo alilolitaka mama. Hakudai kisasi wala fidia.

"Sheikh, mwanangu ameswaliwa?" aliuliza Ijumaa iliyofuata usiku wa sinia, na Bi Lubaba alikuwa nyuma yake, anasikia.

"Nimewaombea maiti wote wa Waislamu, ewe mama," akasema Sheikh, macho yake yakiwa chini.

"Mwanangu si wote," akasema mama. "Nilizaa mmoja."

Akajitanda shuka yake akaondoka. Sheikh akabaki anatafuta viatu vyake, na vilikuwa mbele yake.

Walipofika nyumbani Bi Lubaba hakuandaa chakula. Alikaa juu ya sanduku, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, akasema, "Mume wangu, nakuuliza jambo, unijibu kama unavyomjibu Mola wako. Leo juu ya mimbari, jina la yule kijana lilikufika ulimini?"

"Lilinifika."

"Likazuiwa na nini? Uliuona upanga?"

Sheikh akaugeukia mlango. "Laiti ningeuona upanga," akasema. "Niliona mazulia haya yakitolewa mlangoni na askari. Nikakuona wewe umesimama nje, huna kitu."

"Basi mimi nitasimama nje kabla hawajaja," akasema Bi Lubaba. Akainuka, akakunja zulia la kwanza.

Mtu hudhani kwamba kazi ya kutoa vitu ni ya mikono. Haikuwa hivyo. Sheikh alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akipenda kitu hukitafutia sababu njema.

"Zulia hili tuliache," alisema. "Ni la kuwakirimu wageni."

"Mgeni gani amelikanyaga? Kila anayekuja tunamwambia avue viatu, akae pembeni."

"Basi taa hii."

"Umeiwasha lini?"

"Haijawashwa. Mafuta yake ghali."

"Tumeishi gizani tukiilinda taa," akasema Bi Lubaba, naye akaitoa uani.

Kilichotoka kwa Liwali hawakukigawa ovyo. Bi Lubaba alisema kwamba kimenunuliwa kwa ngano iliyozidi kwenye ile pishi, na ngano ile ina wenyewe. Wakakodi punda, wakavipeleka vitu mashambani kwa wakulima waliodhulumiwa, zulia kwa huyu, sanduku kwa yule. Vile vya kwao wenyewe vilivyozidi haja wakawapa mafukara wa mji. Jirani yao, Bi Khaula, mwanamke mcheshi asiyepitwa na jambo, akaja kusimama ukutani.

"Bi Lubaba, mnahama au mmefilisika?"

"Hatuhami, wala hatujafilisika."

"Basi mmerogwa. Wenzio tunakesha kuomba riziki iingie, wewe unaifukuza kwa ufagio."

"Riziki gani hii, mwenzangu, inayomfunga mtu mdomo?"

"Inafunga mdomo?" Bi Khaula akauona mto mwekundu wa hariri juu ya punda. "Nipeni mimi ule mto basi. Mume wangu mdomo wangu umemshinda."

Bi Lubaba akacheka mpaka akaegemea punda. Lakini mto hakuutoa. "Una mwenyewe," akasema, "na anausubiri."

Habari hazikawii mjini. Kabla nyumba haijafagiwa alifika wakili wa Liwali, na nyuma yake wachukuzi wawili wamebeba kiti cha mpingo kilichotiwa pembe za ndovu. Sheikh alikuwa ndani. Bi Lubaba akasimama mlangoni.

"Bwana wangu amesikia kwamba mnatoa vitu vyake," akasema wakili. "Akasema huenda havikuwapendeza. Ameleta kilicho bora."

"Mwambie hatuna pa kukiweka."

Wakili akachungulia juu ya bega lake. "Nyumba yenyewe tupu, bibi."

"Naam. Na tumetaabika kuifanya hivyo."

Wachukuzi wakatazamana. Mmoja akauma mdomo asicheke.

"Bibi, unajua maana ya kurudisha zawadi ya Liwali?"

"Maana ya kuirudisha sijaijua bado," akasema Bi Lubaba. "Maana ya kuipokea ndiyo tumeijua, na imetutosha."

Uso wa wakili ukabadilika. "Basi mkumbushe mumeo ile mbiu. Haikusema vyombo peke yake. Ilisema na nyumba."

Kiti kikarudi kilikotoka. Bi Lubaba alipoingia ndani alimkuta Sheikh ameweka kiganja ukutani, na uso wake umepauka, kwa maana maneno yote yalikuwa yamemfikia.

"Nyumba hii aliijenga baba yangu," akasema. "Vile vingine nimevitoa, nawe ni shahidi. Lakini nyumba, Lubaba?"

Wanasema waliokisimulia kisa kwamba hapo ndipo palipokuwa mtihani wenyewe, na kwamba haukumpita hata Bi Lubaba. Aliipenda nyumba ile. Ndani yake alikuwa amefunga na kufuturu, ameugua na kupona. Angalisema neno moja tu la kulegeza, mumewe angalilipokea kwa furaha, na mama mwenye mikeka angaliendelea kusimama mlangoni pa msikiti hadi kufa kwake. Akamwomba Mwenyezi Mungu ampe subira, kisha akasema kwa upole:

"Nyumba nayo ni chombo, mume wangu. Ni kikubwa tu."

Sheikh akamtazama. Taratibu akaanza kucheka, kicheko ambacho Bi Lubaba hakuwa amekisikia tangu zulia la kwanza lilipoingia.

Siku ya Alhamisi akawaita mashahidi wawili waadilifu, akaiweka nyumba ya baba yake kuwa wakfu wa mayatima wa mji, isiuzwe, isirithiwe, isirudi kwake wala kwa jamaa zake. Kabla ya magharibi mayatima walikuwa wanakimbizana vyumbani. Sheikh na mkewe wakahamia kibanda cha matete ukingoni mwa mto, wakiwa na chungu, mtungi, jiwe la kusagia, mikeka miwili na msahafu. Askari wa Liwali wangekuja kuitwaa nyumba ya Sheikh Numair, wasingeikuta nyumba ya Sheikh Numair popote. Wangewakuta watoto wasiokuwa na baba, na mji mzima unawatazama watawafanya nini.

"Umebakiwa na shingo yako," akasema Bi Lubaba asubuhi ya Ijumaa, akimnyooshea kanzu yake ya zamani.

"Hiyo sikuinunua mimi," akasema Sheikh. "Wala Liwali hakunipa."

Msikiti ulijaa. Liwali aliketi safu ya mbele, na walinzi wake walisimama kwenye nguzo. Nyuma, katika safu za wanawake, Bi Lubaba alikaa bega kwa bega na mama mwenye mikeka, na kila mmoja alisikia pumzi za mwenziwe. Sheikh Numair akapanda mimbari. Akamhimidi Mwenyezi Mungu, akamswalia Mtume, rehema na amani zimshukie, akawausia watu uchamungu. Kisha akanyamaza.

Akanyamaza kwa muda mrefu, hata watu wakainua vichwa. Bi Lubaba akafumba macho. Alijua kwamba sasa hakuna kitu duniani kinachouzuia ulimi ule ila ulimi wenyewe.

Na hapa, ndugu zangu, tusite kidogo. Sisi tunasema kwamba tunavilinda vitu vyetu, na huku kila kitu kimeshika pindo la nguo yetu. Wema wa kale hawakuuchukia mkeka wala taa. Waliichukia ile saa ambayo haki inamhitaji mtu, naye anageuka kwanza kutazama samani zake. Basi aitazame kila mmoja nyumba yake, na ajiulize ni kitu gani ndani yake kinachomnyamazisha. Akishakijua, asikiweke hadi kesho.

"Enyi Waislamu," akasema Sheikh, "swala ikimalizika, mtu asiondoke. Yuko maiti wetu ambaye hajaswaliwa."

Liwali akainua uso. Mlinzi mmoja akasogea hatua, kisha akasita, kwa maana wakati wa hotuba hakuna mwenye ruhusa ya kunena ila khatibu, na Liwali mwenyewe hakuthubutu kuivunja sheria hiyo mbele ya safu zote zile. Katika safu ya nyuma mama aliushika mkono wa Bi Lubaba, akaubana kwa vidole vyake vilivyokuwa vigumu kwa kusuka matete.

Sheikh hakumtazama Liwali. Alitazama juu ya vichwa vya watu wote, hadi mwisho wa msikiti.

"Simama, ewe Ummu Mundhir," akasema. "Tunamswalia mwanao, Mundhir."